Wimbo Niliokuwa Nikiimba Bila Kujua

Vijana mliobaki na kamba yangu, tangu niache kazi mmeniuliza swali moja, na kila mara nimewajibu kwa kucheka. Mnataka kujua nilikuwa najuaje pa kuchimba kisima. Sasa magoti yamenikalisha hapa Korogwe, barazani pa mke wangu Mwanaidi, na sina tena pa kukimbilia. Nitajibu. Ila mambo ya nani alinifanya msimamizi na kwa nini, waulizeni watu wa bomani. Wao wanayapenda kuliko mimi.

Niliianza kazi hii nikiwa kijana, miaka ile Wadachi, hao Wajerumani, walipokuwa wanataka visima kwenye njia za misafara inayopita Handeni. Mimi ni Mzigua wa nyika. Nimekua nikinywa maji ya madimbwi, yale ambayo ukiyaacha usiku kucha kwenye chungu, asubuhi nusu ya chungu ni udongo. Aliyepewa kazi ya visima alikuwa Mzee Sekiteke, Msambaa wa Kwashemshi, mtu aliyezaliwa mlimani kati ya vijito. Watu wa kwetu walicheka sana. Walisema mtu ambaye maji yalimfuata mpaka mlangoni kwake ataweza wapi kuyatafuta? Mzee aliwasikia, akaendelea kunoa jembe lake.

Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa ndala mpya za ngozi, maana nilidhani kazi ya boma inataka heshima. Nikamwamkia.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Vua hizo.”

“Mzee, huku kwetu kuna miba.”

“Miba nayo ina habari zake. Vua.”

Nikavua. Mwezi mzima sikupewa hata kikapu. Kazi yangu ilikuwa kutembea peku nyuma yake, kwenye mabonde, kwenye vichuguu, pembeni mwa vichaka ambavyo mbuzi tu ndio wenye shughuli navyo. Jioni aliniuliza, “Umeona nini leo?” Nami nilimjibu ukweli, kwamba sikuona kitu. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu zuri. “Vyema. Kesho tena.” Nilimwambia mama yangu kwamba nimeajiriwa na mwendawazimu. Mama akasema mwendawazimu anayelisha watu ni bora kuliko mwenye akili asiyelisha.

Mwenzetu wa tatu alikuwa Maganga, Mnyamwezi, aliyekuja na msafara akiwa amebeba mzigo kichwani, akaumwa mguu Handeni, akaachwa, na mguu ulipopona hakuondoka tena. Yeye ndiye aliyeshika kamba. Sasa nyote mnajua kwamba Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani, na utani wetu hauna likizo. Maganga aliweza kunitukana mbele ya mama yangu, na mama akamwongezea mboga. Lakini kamba aliishika kama mtu aliyeshika mtoto mchanga. Mkichagua mshika kamba, msimtafute mwenye nguvu. Mtafuteni asiyegeuka kutazama mwanamke anayepita.

Niseme kidogo kuhusu vyombo, maana naona siku hizi mnavitupa ovyo. Mtaimbo, jembe la mpini mfupi, kikapu, kamba. Kamba zetu za kwanza zilikuwa za magome ya mbuyu, na kila jioni tuliziloweka na kuzikagua nyuzi moja moja. Kisha mashamba ya mkonge yalipoenea huku Korogwe tukapata kamba ngumu zaidi, zinazochuna viganja. Msizitundike karibu na jiko, panya wanazipenda zikishika harufu ya mafuta. Na kabla mtu hajashuka asubuhi, shusheni kijinga cha moto. Kikizimika, hewa ya chini ni mbaya, na hakuna wa kushuka. Maganga alikuwa na shauri lake kila siku, kwamba tuache kupoteza kuni, tushushe Mzigua kwanza.

Sasa niwape kisa cha Mombo, maana bila hicho hamtanielewa mbele. Reli ilikuwa imeshafika pale, na watu wameanza kujenga karibu na stesheni. Nilikuwa chini ya shimo, ndani sana, nachimba vizuri, sina wazo lolote. Mara nikaona nataka kunywa maji. Nikatikisa kamba, Maganga akanivuta huku akilalamika kwamba Wazigua wana vibofu vya kuku. Nikatoka, nikasimama kando ya mtungi. Kabla sijaugusa, ukuta wa shimo ukaanguka wote, ukajaza pale pale nilipokuwa nimesimama.

Maganga alibaki ameikaza kamba isiyo na mtu. 

“Shingo yako ilikuambia,” Mzee akasema.

“Haikuniambia kitu, Mzee. Nilikuwa na kiu tu.”

“Na maji umekunywa?”

Nikautazama mtungi. Kiu sikuwa nayo hata kidogo. Jioni, nilipokuwa naoga, nilikuta chembe za mchanga zimenata shingoni na nyuma ya masikio. Ukuta ulikuwa umenidondoshea chembe moja moja tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nazifuta kwa mkono bila kujua kwamba nazifuta. Ndani yangu kulikuwa na mtu aliyekuwa akizihesabu. Hakunipa habari za mchanga, maana alijua ningebisha. Alinipa kiu, nikapanda.

Miaka ikaenda hivyo. Ikawa desturi kwamba pa kuchimba nachagua mimi. Mzee alisema miguu yake imezeeka, basi natangulia mimi, yeye na Maganga wanafuata nyuma yangu kidogo. Nilitembea nikiwaza mambo yangu, na mahali fulani nilijisikia vizuri tu, kama mtu aliyefika nyumbani kwa shangazi yake. Nikisimama nikasema, “Hapa,” Mzee alikuwa ameshachomeka fimbo ardhini. Si mara zote tulipata maji, lakini mara nyingi tulipata. Watu wakasema nina jini wa maji. Mwalimu wa madrasa aliniita faragha, akaniuliza kwa upole nafukiza nini nyumbani. Nikamwambia nafukiza samaki tu, wakipatikana.

Siri ilitoka siku ya Idi, nyumbani kwangu, mbele ya sinia la wali. Maganga alikuwa ameshiba, na Maganga akishiba mdomo hauna kizuizi.

“Kula, Mzigua,” akasema. “Pua yako imetulisha miaka mingi.”

“Pua yangu imefanya nini?”

Mzee Sekiteke akarudisha tonge kwenye sinia. “Wewe Mnyamwezi,” akasema polepole, “umeniulia ng'ombe wa maziwa.”

Ikabidi nielezwe. Kumbe tangu mwezi ule wa kwanza wa kutembea peku, kila nilipopita juu ya ardhi yenye maji nilikuwa naimba puani. Kila mara wimbo mmoja, ule ambao mama alikuwa akiimba akitwanga mahindi. Mimi sikujua kwamba naimba. Mzee aliusikia mara ya kwanza akadhani ni furaha ya ujana. Mara ya pili akachimba. Alipopata maji akachimba tena mahali pengine nilipoimba, akapata tena, na toka siku hiyo miguu yake ikazeeka ghafla.

Nikamgeukia mke wangu. “Nawe ulijua?”

“Nilidhani unajua,” Mwanaidi akasema. “Hata nikipika mlenda huwa unauimba.”

Nilimuuliza Mzee kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema, “Mwanangu, ukianza kuyatazama meno yako yanavyotafuna, utajiuma ulimi.”

Na ulimi niliuma kweli. Kuanzia Idi ile nilitembea huku nimeisikiliza pua yangu. Ilikuwa kimya kabisa. Nikajaribu kuisaidia, nikauimba wimbo wa mama kwa makusudi, kwa sauti, nikizunguka vichakani mchana kweupe, mpaka wachungaji wa Kimasai waliokuwa wakipita na ng'ombe wakasimama kunitazama kwa huruma. Niliposema, “Hapa,” tulichimba, tukatoa vumbi. Mashimo makavu yakafuatana. Mzee hakunilaumu. Maganga naye kwa mara ya kwanza alikosa la kunitania, na hilo liliniumiza kuliko mashimo.

Wakati huo ndipo dada yangu Mwantumu aliponiita. Yeye ni mkubwa wangu, ameolewa katika kijiji kilicho mwendo wa asubuhi moja kutoka Handeni, kuelekea nyikani. Mvua zilikuwa zimekosa, dimbwi lao limekauka, na wanawake walitoka alfajiri kufuata maji wakarudi jua la utosi. Wazee wa kijiji walikuwa wameamua kwamba mwezi ukiandama na maji hayajapatikana, kijiji kizima kitahama, kiende kuomba ardhi karibu na mto, Korogwe. Nilipofika nilikuta mizigo imeshafungwa, imeegemezwa kwenye kuta. Dada alikuwa hajafunga wake. Alikuwa na makaburi ya watoto wake wawili nyuma ya nyumba, wale waliochukuliwa na ndui, na kila asubuhi aliyafagia kabla ya kufagia uwanja.

Nikamwamkia, akanishika mkono asiuachie.

“Mhina, sikukuita kwa sababu wewe ni fundi. Mafundi wengine wapo. Nimekuita kwa sababu tumenyonya titi moja, na wewe hutanidanganya. Kama hakuna maji hapa, niambie, nami nitafunga mzigo. Kama yapo, usiniache niondoke.”

Nilizunguka kijiji kile siku nyingi, nikiogopa. Mimi nilikuwa nimezoea kuchimbia wasafiri, watu nisiowajua, na shimo likiwa kavu tunahamia jingine. Hapa kila nikigeuka namwona dada kwenye kizingiti. Pua haikutoa sauti. Mwisho nikaamua kutumia akili. Kulikuwa na mkuyu mkubwa upande wa juu, na kila mtu anajua mkuyu hupenda maji. Tukachimba karibu na mkuyu, tukaenda chini sana, tukakutana na mwamba. Mtaimbo uliruka mikononi mwangu kama umepiga chuma. Tukahama hatua chache, tukaanza shimo jingine, na lilipofika kiunoni mikono yangu ikakataa. Nikakaa ukingoni nikajifunika uso.

Kijiji chote kilikuwa pale.  Nilimsikia dada akimwambia shemeji, kwa sauti ndogo, alete kamba ya kufungia mzigo. Niliumia moyo, nawaambieni, sijawahi kuumia vile.

Hapo Maganga akavua kofia yake, akaishusha miguu ndani ya lile shimo fupi, akalala chali. Akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

Ninyi mnaifahamu desturi. Kukiwa na msiba, mtani wa marehemu anaweza kuingia kaburini, akalala humo, na mazishi yakasimama mpaka apewe anachotaka. Hufanyika kweli, na mwenye msiba hana ruhusa ya kukasirika. Lakini pale hapakuwa na maiti. Maganga alikuwa amejifanya maiti mwenyewe.

“Nizikeni,” akasema bila kufumbua macho. “Kaburi zuri. Miezi yote Wazigua wamehangaika kuchimba visima, kumbe walichojaliwa ni makaburi.”

Akajinyoosha vizuri.

“Ila kichwa mmekielekeza vibaya. Hata kuzika hamjui? Na sanda iko wapi? Mnataka niende kwa babu zangu na shuka hili la kazi?”

Bibi mmoja asiye na meno ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akalazimika kukaa chini. Kisha akina mama wengine, kisha wazee walioamua kijiji kihame, kisha shemeji. Maganga akaendelea kutoa wasia wake: kamba aachiwe mbuzi yeyote, kwa kuwa mbuzi ana akili kuliko Mhina, na yeye hatoki humo mpaka aletewe jogoo mwekundu wa shemeji, maana maiti haiendi safari na njaa. Dada yangu alikuwa amejikunja, ameshika mbavu, machozi yanamtoka.

“Mhina,” akasema alipoweza kusema, “mletee huyo maiti jogoo kabla hajatuaibisha.”

Basi nikainuka kumfukuza jogoo. Jogoo mwenyewe hakuwa na utani na mtu. Alinipitisha nyuma ya nyumba, chini ya ghala, katikati ya mbuzi, akashuka mteremko wa chini ambako hapana kitu ila nyasi fupi na mawe. Watu walikuwa wananipigia kelele, wengine wananielekeza mimi, wengine wanamwelekeza jogoo. Nilianguka mara moja. Nikamkamata kwa mkia, nikamtia kwapani, nikawa napanda kurudi, nahema, nacheka peke yangu, natafuta tusi zuri la kumrudishia Maganga.

Nikamwona Mzee Sekiteke anakuja mbio. Sikuwa nimewahi kumwona Mzee akikimbia. Alikuja mpaka nilipokuwa, akachomeka fimbo yake ardhini pembeni ya mguu wangu.

“Simama hapo hapo.”

“Kuna nini, Mzee?”

“Hakuna kitu. Mshike jogoo wako.” Akageuka, akapaza sauti kuelekea juu: “Mnyamwezi, fufuka. Kuna kazi.”

Dada alikuwa ameshuka nyuma yake. Kicheko kilikuwa kimemwisha, ameushika upindo wa kaniki yake mdomoni, ananitazama kwa namna ambayo hakunitazama tangu tulipokuwa wadogo. Hakuniambia chochote, maana Mzee alimkataza kwa jicho. Lakini mimi nilielewa. Wimbo ule aliwahi kuusikia kabla yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipokezana mchi na mama.

Kesho yake asubuhi na mapema nilichuchumaa pale kwenye fimbo, nikatazama kwa macho ya kazi. Umande ulikuwa bado upo kwenye nyasi, na kwingine kote ulikuwa umekwisha. Mashina ya nyasi yalikuwa na ukijani kidogo chini kabisa. Mbuzi wa kijiji walilala pale mchana ingawa hapakuwa na kivuli. Samadi yao ilinionyesha. Udongo chini ya unyayo ulikuwa wa baridi. Nilikuwa nimeshapita hapo siku zote zile za kuzunguka. Macho yaliona, nyayo zilisikia, na yule mtu wa ndani alikuwa na habari zote. Mimi ndiye sikuambiwa, kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni kwake namgongea na kumpigia kelele atoke.

Hilo ndilo jibu langu kwenu. Nilimchosha kwa kumsubiri. Alitoka nilipomsahau, nikiwa na jogoo kwapani. Kwa hiyo tembeeni peku, tazameni kila kitu, kisha ongeeni mambo ya harusi na mpira wa matambara. Nanyi mnaomjua mwenzenu hufanya nini akikaribia maji, awe anajikuna au anapiga miayo, lifungeni hilo moyoni msilitoe. Nilimuuliza Maganga baadaye kama alifanya yale makusudi, ili nijisahau. Akasema alikuwa amechoka, akaona shimo, akalala. Ila tangu siku hiyo hakunyamaza njiani hata mara moja, alipiga domo toka tunapoanza mpaka tunapofika, nisiweze kuisikia pua yangu mwenyewe. Ilinichukua miaka kulitambua hilo. Nilidhani ni maradhi.

Nirudi shimoni. Tulichimba kwa zamu, wanaume wa kijiji wakivuta vikapu pamoja na Maganga. Siku zikapita, udongo ukabadilika, ukawa wa kijivu, ukawa mzito. Wazee walikuja kila jioni kuchungulia, wakaondoka. Mwezi ulikuwa unakaribia kuandama. Nilikuwa chini peke yangu asubuhi moja, nimeinama, niliposikia vidole vya miguu vinapata baridi. Nikasimama wima. Nikasogeza mguu, ukatoa mlio mdogo wa kunyonya. Pale mguu ulipotoka palikuwa na shimo la unyayo wangu, na lile shimo likajaa polepole, mpaka ukingoni.



“Vipi huko, mdogo wangu?” Ilikuwa sauti ya dada. Kichwa chake kilikuwa cheusi juu, kwenye duara la mwanga.

 Nikajaza kikapu matope yanayochuruzika, nikatikisa kamba. Maganga akavuta. Nikakiona kikapu kinapanda, kinadondosha matone yanayonipiga usoni, kikafika juu, kikatoweka.

 Kisha nikamsikia dada yangu, kwa sauti yake ile ya kawaida ya kugombeza watu nyumbani kwake:

“Mnatazama nini? Nendeni mkafungue mizigo.”

Halafu akaanza kulia, na wanawake wote wakapiga vigelegele kwa pamoja, na miguu ikawa inakimbia huku na huku juu ya kichwa changu. Maganga alidai kwamba kwa kuwa amefufuka ana haki ya jogoo wa pili. Shemeji alikataa. Bibi asiye na meno alisema yule mwekundu wa kwanza asipikwe mpaka maji yatulie, apikwe kwa maji ya hapa hapa. Hakuna aliyekumbuka kunivuta. Nikakaa kwenye matope, nikaegemeza mgongo ukutani, maji yakaanza kunipanda vifundoni, nami nikawasikiliza wakigombana juu ya nani atapika.